Kuuliza si Ujinga. Kujibu kwa Kudhani Ndiko Ujinga

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wazee wetu walisema ya kuwa kuuliza si ujinga. Maneno haya tumeyasikia tangu darasa la kwanza, na sidhani kama yuko mwalimu asiyeyasema angalau mara moja kwa muhula. Lakini mimi naona ya kuwa hapa shuleni twayakubali kwa midomo tu. Mtu akisimama kuuliza, hasa akiwa wa kidato cha chini, twamjibu kana kwamba ametuomba tumhukumu. Jambo hili nimeliona katika chama chetu cha wapiga picha, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokosa, nimeona vema niliandike kabla sijaondoka hapa, ili wale wanaobaki wapate kulitengeneza.

Wasomaji wengi wajua ya kuwa chama chetu hukutana kila Jumamosi baada ya usafi, katika maabara ya Fizikia. Tuna kamera mbili, ambazo mwalimu mlezi huzifungia kabatini, na simu za mkononi haturuhusiwi kuwa nazo bwenini. Desturi yetu ni kwamba kila aliyepata zamu ya kamera huleta picha zake, zikaonyeshwa ukutani, kisha watu wakasema wanayoyaona. Ni desturi nzuri. Lakini zamu ya mtu mmoja huja mara mbili au tatu tu kwa muhula. Kwa hiyo maneno anayoambiwa pale ndiyo mafunzo yake yote. Akiambiwa maneno matupu, amekosa muhula mzima.

Muhula uliopita mpishi wetu mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa akimaliza kazi yake. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye sitamtaja jina, alitaka kumpiga picha ya kumuaga ili iwekwe katika gazeti hili. Akamwomba Mzee asimame mbele ya ukuta wa bwalo, ambao ulikuwa umepakwa chokaa wiki ile ile. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na jua lilikuwa nyuma ya mpiga picha, kama tunavyofundishwa. Mzee alivaa shati jeupe, akatabasamu. Picha ilipotazamwa, ukuta ulionekana wazi hata alama za brashi, lakini uso wa Mzee ulikuwa kama kivuli. Macho hayakuonekana, wala lile tabasamu.

Jumamosi iliyofuata kijana akasimama mbele yetu na picha yake. Hakusema, "Je, picha yangu si nzuri?" Wala hakusema, "Kamera hii ni mbovu, sivyo?" Aliuliza hivi: "Kaka zangu, mnapompiga picha mtu mweusi mbele ya kitu cheupe, mnafikiri nini kwanza? Nami ningependa kujua ni mambo gani yaliyoufanya uso wa Mzee upotee."

Sasa tazameni majibu aliyoyapata. Wa kwanza alisema, "Ulitingisha kamera." Hakuna aliyeona mtingishiko wowote, maana alama za brashi ukutani zilihesabika. Wa pili alisema, "Lazima ulimpiga jua likiwa mgongoni mwake." Kijana akajaribu kusema ya kuwa jua lilikuwa mbele ya Mzee, lakini alikatizwa. Wa tatu nilikuwa mimi. Nikasema, "Wewe hukusoma kitabu cha kamera. Kasome kwanza ndipo uje utuulize. Na Mzee mwenyewe ni mweusi hivyo, ulitaka kamera ifanye nini?" Watu wakacheka sana. Kijana akaketi. Jumamosi tatu zilizofuata hakuja, na zamu yake ya kamera akapewa mwingine. Shule ilipofungwa Mzee alipanda basi akaenda kwao.

Wakati ule sikuona kosa langu. Nilijiona nimesema maneno ya mtu mwenye ujuzi. Lakini likizo ilipofika nilipata fedheha yangu mwenyewe. Nyumbani kulikuwa na sherehe, na mjomba alinipa kamera yake nimpige picha dada yangu mdogo, aliyevaa gauni jeupe, mbele ya pazia jeupe. Nikapiga picha kumi na mbili. Katika zote kumi na mbili gauni lilionekana vizuri na uso wa dada yangu ulikuwa kama wa Mzee. Mama alizitazama asiseme neno. Nilikuwa nimekisoma kitabu cha kamera, sikutingisha, wala jua halikuwa mgongoni mwake. Majibu yetu yote matatu yalikuwa hayana maana, na swali la yule kijana lilikuwa limebaki vile vile, halijajibiwa na mtu.

Tuliporudi shule nilimwendea mwalimu mlezi nikamweleza. Yeye hakunijibu upesi. Aliniuliza, "Kamera yako ilipima nini?" Nikasema ilipima mwanga. Akauliza, "Mwanga wa nini?" Hapo nikanyamaza, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza.

Jambo lenyewe ni hili, nami nalieleza kwa kuwa litawafaa wengi. Ndani ya kamera mna kipima mwanga. Kipima hicho hakijui kama kinatazama ukuta wa chokaa au gunia la makaa. Kimetengenezwa kwa kudhani ya kuwa vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni vya kijivu cha katikati, ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa chenye kurudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Sehemu kubwa ya picha ikiwa nyeupe, kipima huona mwanga umezidi, kikaupunguza mpaka weupe ule uwe wa kijivu. Ukuta hauumii, lakini uso mweusi ulio mbele yake hupunguziwa mwanga uliokuwa haba tangu mwanzo, ukapotea. Dawa yake ni kuongeza mwanga hatua moja au moja na nusu kwa kile kitufe chenye alama za kuongeza na kupunguza. Au kusogea karibu, kupima uso peke yake, kisha kurudi nyuma na kupiga kwa kipimo kile kile. Na uso mweusi ukijaza picha nzima, mambo hugeuka: kipima hudhani mwanga ni haba, kikauongeza, na uso ukatoka kama umepakwa majivu. Hapo sharti upunguze. Kamera za siku hizi nyingi hujaribu kuutafuta uso wenyewe, lakini nazo hukosea, na zetu mbili ni za zamani.

Basi mwaona ya kuwa kosa la kamera na kosa langu lilikuwa moja. Kamera ilikuwa na jibu kabla ya kutazama, nami nilikuwa na jibu kabla ya kusikiliza.

Tena swali la kijana yule halikuwa dogo. Tangu miaka ya 1950, maduka ya kusafishia picha za rangi yalipewa na kampuni ya Kodak kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ili wenye mitambo wapimie kama rangi zimetoka barabara. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha hiyo. Rangi ya uso wake ikiwa sawa, kazi ilihesabiwa kuwa imekwisha. Nyuso nyeusi zikitoka bila macho wala pua, wengi walidhani ni kosa la mpiga picha au la mwenye uso. Mwaka 2009 msomi mmoja wa Canada, Lorna Roth, alichapisha uchunguzi wake juu ya habari hii. Alionyesha ya kuwa miongoni mwa waliolalamika walikuwa watengenezaji wa chakuleti na wa samani za mbao, kwa sababu rangi za bidhaa zao hazikutoka sawa katika picha. Kadi yenye wanawake wa rangi mbali mbali ilipatikana katika miaka ya 1990. Mtu aweza kushangaa ya kuwa viwanda vikubwa vilikaa miaka mingi namna ile bila kuuliza kwa bidii swali ambalo kijana wa Kidato cha Pili aliliuliza katika maabara yetu Jumamosi moja. Nasi tulimcheka.

Wala haikuwa lazima kwenda Ulaya au Marekani kutafuta mtu aliyelijibu. Huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, na nyuma ya watu wake alitundika vitambaa vyenye maua na marembo, cha kwanza kikiwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Katika picha zake nyuso nyeusi zaonekana vizuri sana, na leo zinatazamwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Mtu aliyeuliza, "Nimsimamishe mtu huyu mbele ya nini?" alipata jibu lililofaa. Laiti mmoja wetu angalimwuliza kijana, "Nyuma ya Mzee palikuwa na nini?" tungalifika mahali pale pale kwa dakika tano, na Mzee alikuwa bado yupo jikoni.

Habari ya farasi pia yafaa kukumbukwa. Kwa muda mrefu wachoraji walimchora farasi akikimbia kwa kunyoosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, hali akielea hewani. Walidhani wamejibu swali la jinsi farasi anavyokimbia. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika jimbo la California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio, na nyuzi zilizokatwa na farasi apitapo zikazifyatua moja baada ya nyingine. Ikaonekana ya kuwa kweli pana wakati ambapo kwato zote nne zimeacha ardhi, lakini si wakati miguu imenyooshwa. Ni wakati imekunjwa pamoja chini ya tumbo. Waliodhani walikuwa wamepata nusu na kukosa nusu, na wasingalijua kama mtu asingaliuliza tena jambo ambalo kila mmoja aliliona limekwisha.

Nataka sasa niseme yale ninayoyaona kuwa yapasa kufanywa, kwanza na mwenye kuuliza. Maswali ni ya namna mbili. Pana swali lililofungwa, ambalo jibu lake ni ndiyo au siyo, na pana swali lililo wazi, linalomwachia mwenzako nafasi ya kueleza. Ukiuliza, "Je, nitumie lenzi ndefu?" utapata neno moja. Ukiuliza, "Wenzangu, lenzi ndefu hubadilisha nini katika uso wa mtu?" utapata somo. Swali lililofungwa lina mahali pake. Mtu akitaka kujua kama betri imejaa, hana haja ya hotuba. Lakini mwenye kutaka kujifunza na aulize lililo wazi. Tena aseme aliyokwisha kuyafanya: saa ngapi alipiga, jua lilikuwa wapi, kipimo gani alitumia. Hiyo ndiyo njia ya kuwafungia mlango wenye kudhani. Nasi tuache yale maswali ambayo si maswali, kama vile, "Hamwoni ya kuwa picha hii ni nzuri?" Huko ni kuomba sifa.

Pili, nasema na mwenye kujibu. Kabla ya kujibu, uliza swali moja. Moja tu latosha. Daktari hampi mgonjwa dawa pale mlangoni kwa kuutazama uso wake. Kwanza humwuliza wapi panauma na tangu lini. Kisha jibu lile ulilouulizwa, si lile ulilotamani kuulizwa. Na kama hulijui, sema hulijui. Hakuna aliyekufa kwa kusema hajui, lakini mimi nimemwona mtu akifukuzwa katika chama kwa maneno ya mtu asiyejua. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi.

Tatu, na hili ndilo gumu, nasema na yule aliyejibiwa kwa dharau au kwa kudhaniwa asiyoyafanya. Njia mbili ni mbaya. Moja ni kuwaka hasira, maana hapo mazungumzo hugeuka kuwa ugomvi na picha husahauliwa. Ya pili ni kunyamaza na kuondoka, kama alivyofanya kijana yule; simlaumu, ila nasikitika, kwa sababu aliondoka yeye na tukabaki sisi wenye makosa. Njia ya tatu ni kusema kwa upole na bila kuona haya: "Ahsante, kaka. Hilo nimekwisha kulijaribu, na jua lilikuwa nyuma yangu. Ninalouliza ni hili." Kisha lirudie swali lako kama lilivyokuwa. Mara nyingi mtu aliyedhani hufahamu mwenyewe ya kuwa amekwenda mbali. Tena katika jibu baya huenda mkawamo punje moja ya kufaa. Ichukue hiyo, makapi uyaache. Na kama mtu yule yule akirudia kudhani mara ya pili, mwache, geuka kwa mwingine. Hulazimiki kumshinda. Waweza pia kwenda kupiga picha tena na kuileta; picha huwajibu watu vizuri kuliko maneno.

Najua ya kuwa baadhi ya wenzangu wa Kidato cha Nne hawatapendezwa na maneno haya. Mmoja ameniambia ya kuwa wadogo wanahitaji kukazwa, nasi tulikazwa vile vile tulipoingia. Mwingine amesema ya kuwa saa moja ya Jumamosi haitoshi kwa kuulizana-ulizana, na mtu aliyeona picha nyingi aweza kutambua kosa kwa kutazama tu. Hoja hii ya pili ina ukweli, sitaikataa. Mwenye ujuzi mara nyingi hukisia sawa. Lakini siku ile tulikisia watatu na tukakosa watatu, na saa yenyewe tuliimaliza kwa kucheka. Kuuliza swali moja kungechukua muda mfupi kuliko kicheko kile. Ama hoja ya kwanza, sioni kama ni hoja. Kama sisi tulidharauliwa tukaumia, hiyo ndiyo sababu ya kutowadharau wengine. Deni la namna hii halilipwi kwa kumdai asiyekopa. Na heshima kwa wakubwa, ambayo mimi naipenda, haipungui mkubwa akimsikiliza mdogo mpaka mwisho wa maneno yake.

Mwezi uliopita nilikwenda bweni la Kidato cha Pili baada ya kujisomea usiku. Nikamwita kijana yule nje nikamwambia, "Bwana mdogo, siku ile nilikukosea. Swali lako lilikuwa zuri, nami sikulijua jibu." Akatazama chini, akasema, "Yamekwisha, kaka." Kisha akaniuliza, "Sasa jibu lake umelipata?" Nikamweleza habari ya kipima mwanga. Akauliza maswali mengine manne, na mawili kati ya hayo sikuyaweza. Jumamosi ile akarudi chamani. Alipopata zamu alimpiga picha mlinzi wetu wa usiku, mbele ya ukuta ule ule wa bwalo, akiwa ameongeza mwanga hatua moja na nusu. Macho ya mlinzi yalionekana, na hata kovu lililo juu ya nyusi, ambalo wengi wetu hatukuwahi kuliona.

Lakini Mzee hakupigwa picha nyingine. Alilipikia bwalo letu kwa miaka mingi kuliko umri wa mwanafunzi yeyote aliyemo humu, na katika gazeti hili habari ya kumuaga ina maneno tu, uso wake haumo. Mwalimu mlezi amekubali ya kuwa tukipata usafiri wakati wa likizo, kijana yule apewe kamera aende kwao Mzee. Huenda tutaupata, huenda hatutaupata.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wanaobaki, katika chama cha picha na katika vyama vingine vyote: mtu akisimama kuuliza, mwacheni amalize. Kisha mwulizeni swali moja kabla hamjamjibu. Haligharimu kitu, na mimi ningalilifanya siku ile, ukurasa wa Mzee usingalikuwa mtupu.